Umefunga tairi kubwa kwenye pikapu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kurekebisha kompyuta ya gari

Tairi kubwa zinapendeza, zinainua gari, zinapita kwenye tope na mawe ambako tairi za kiwandani zinagoma, hilo halina ubishi. Ninachotaka mwenye gari aelewe ni kwamba kuanzia siku anazifunga, dashibodi inamwambia kitu kisicho kweli, na kurekebisha inawezekana lakini unapima kwanza ndio unagusa kompyuta, sio kinyume chake. Majibu mengi hapa yanatumia mfano mmoja ili hesabu zisichanganye watu: pikapu iliyotoka kiwandani na 265/65R17, mwenyewe akafunga 285/70R17.

Kwani kompyuta inajuaje saizi ya tairi niliyofunga?

Haijui kabisa. Inachokijua ni mizunguko tu. Kuna sensa, kwenye magari mengi ya siku hizi ni zile za ABS (mfumo wa breki unaozuia tairi zisijifunge) zilizoko kwenye kila wili, kwenye ya zamani kidogo ni moja iliyoko kwenye giaboksi au transfa (giaboksi ndogo ya foo wili), na kazi yake ni kuhesabu tairi au shafti imezunguka mara ngapi. Halafu ndani ya kompyuta kuna namba imeandikwa kiwandani, mzingo wa tairi kwa milimita au idadi ya mizunguko kwa kilometa, kompyuta inachukua mizunguko inazidisha na ile namba inapata spidi na umbali. Ukifunga tairi kubwa kila mzunguko gari inaenda mbali zaidi ila kompyuta bado inazidisha kwa namba ya zamani, kwahiyo spidi na kilometa zinasoma chini ya ukweli.

Nahesabuje tofauti?

Chukua 265/65R17. 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni asilimia ya huo upana ambayo ndio kimo cha ubavu wa tairi, 17 ni rimu kwa inchi na inchi moja ni milimita 25.4. Kwahiyo ubavu ni 265 × 0.65 = 172.25, ziko mbili juu na chini unapata 344.5, rimu ni 17 × 25.4 = 431.8, jumla kipenyo ni milimita 776.3. Fanya hivyohivyo kwa 285/70R17 utapata 399 + 431.8 = 830.8. Gawa kubwa kwa ndogo, 830.8 ÷ 776.3 = 1.07.

Maana yake ni asilimia 7. Kama spidomita ilikuwa sahihi kabisa kabla, ikisoma 50 wewe uko 53.5, ikisoma 80 uko karibu 86, ikisoma 100 uko 107. Kwenye kibao cha 50 pale kijijini na trafiki ana tochi yake, hizo tatu na nusu ni zako, hutaweza kumwambia "mbona mimi naona 50".

Zile tairi zinazoandikwa kwa inchi mfano 33x12.50R15, hiyo 33 ndio kipenyo, karibu milimita 838, ila ya kwenye karatasi na ya tairi lenyewe mara nyingi hazifanani, tafuta jedwali la mtengenezaji wa hiyo tairi au pima mwenyewe.

Mkuu mimi nimefunga tairi kubwa, nimelinganisha na GPS ya simu naona spidi ziko sawa kabisa. Si ina maana sihitaji kurekebisha?

Hili ndio swali zuri kuliko yote na ndio linalowakosesha watu wengi. Spidomita za kiwandani hazisomi spidi halisi, zinasoma juu kidogo kwa makusudi. Kuna Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inayofuatwa Ulaya, Japani na kwingineko, inasema spidomita hairuhusiwi hata kidogo kuonyesha chini ya spidi halisi, ila juu inaruhusiwa mpaka asilimia 10 ya spidi halisi ukijumlisha kilometa 4 kwa saa. Yaani ukiwa kwenye 100 ya kweli, mshale unaruhusiwa kusoma mpaka 114 lakini hauruhusiwi kusoma 99. Kwahiyo watengenezaji wanaweka akiba, na ukifunga tairi iliyozidi kidogo tu, tuseme asilimia 3 kama kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, unakuta ile akiba imeliwa na spidomita imekuwa sahihi kuliko ilivyotoka kiwandani.

Lakini angalia hapa. Kile kisomeo cha kilometa kwa kawaida hakina ile akiba, chenyewe kinahesabu karibu na ukweli tangu mwanzo. Kwahiyo unaweza kuwa na spidi sahihi na kilometa za uongo kwenye gari hiyohiyo, na ukirekebisha kwa kufuata hesabu ya karatasi peke yake bila kupima, kilometa zinanyooka halafu spidomita inarudi kusoma juu kama ilivyokuwa mwanzo. Hiyo siyo kasoro, ndivyo gari ilivyotengenezwa, usirudi kwa fundi kugombana.

Sasa napimaje kwa uhakika?

Njia mbili, fanya zote.

Ya kwanza ni GPS. Tafuta barabara iliyonyooka na tambarare, mtu mwingine ashike simu, wewe shika spidi moja kwenye dashibodi bila kuyumba, kama una kruzi (ya kushika mwendo yenyewe) washa kruzi, subiri namba ya GPS itulie ndio aisome. Fanya kwenye 50, 80 na 100 pale panaporuhusiwa. Usipime kwenye kona wala mlimani wala ukiwa unaongeza mwendo, GPS inachelewa kidogo.

Ya pili ni nguzo za kilometa za pembeni ya barabara kuu, hii ndio ya kupima umbali. Zungusha tripu iwe sifuri kwenye nguzo moja, tembea nguzo 20, soma tripu. Kwenye mfano wetu itasoma kama 18.7 badala ya 20. Ukigawa 20 kwa 18.7 unapata ile 1.07 uliyoipata kwenye karatasi, na zikikubaliana hivyo basi una namba ya kuaminika mkononi.

Kabla ya yote jaza upepo sawasawa, tairi lenye upepo mdogo linabonyea na mzunguko wake unakuwa mfupi.

Tangu nifunge tairi kubwa gari inakula mafuta sana, ni kweli au ni kompyuta?

Vyote viwili. Tuseme umejaza tenki, tripu ikasoma kilometa 500, ukajaza tena zikaingia lita 60. Kwa macho ni kilometa 8.3 kwa lita. Lakini hukutembea 500, umetembea 535, kwahiyo ni 8.9. Hapo usijidhulumu kwa kuilaumu gari bure. Ila tairi kubwa ni zito, lina meno makubwa, linakata upepo zaidi na gari imenyanyuka, kwahiyo kuna mafuta ya ziada kweli yanaliwa, na hayo hakuna kompyuta itakayoyarudisha.

Hilohilo linagusa sevisi. Ukisubiri dashibodi ifike 10,000 ndio ubadilishe oili wewe umeshafika 10,700.

Giaboksi yangu ni otomatiki, ikifika mlimani inahangaika inapanda gia inashuka gia. Kurekebisha kompyuta kutasaidia?

Inategemea ugonjwa uko wapi. Otomatiki inaamua kubadilisha gia kwa kuangalia shafti inayotoka kwenye giaboksi inazunguka kasi gani na wewe umekanyaga mafuta kiasi gani. Tairi likiwa kubwa kwa asilimia 7 ni kama umepunguziwa difu (gia za kwenye mhimili zinazozungusha tairi) kwa asilimia hiyohiyo, difu ya 4.100, yaani shafti inazunguka mara 4.1 kwa mzunguko mmoja wa tairi, inafanya kazi kama ya 3.83. Injini inabeba mzigo mzito kwenye mzunguko uleule, kompyuta inaona dereva anakanyaga sana inashusha gia, mwendo ukipanda inarudisha juu, nguvu haitoshi inashusha tena, unapanda mlima wa Kitonga umebeba mzigo ndio utaisikia vizuri.

Kuna magari ambayo namba ya tairi inaingia kwenye maamuzi ya giaboksi, hayo ukirekebisha unaona gia zinatulia na kruzi inashika vizuri. Mengine namba hiyo ni ya dashibodi tu, utarekebisha na giaboksi haitajua kitu. Na hata kwenye yale ya kwanza, kurekebisha hakuongezi nguvu, kama umepanda saizi sana dawa yake ni kubadilisha difu, au ukiwa mlimani na mzigo ufunge gia ya chini kwa mkono ili oili ya giaboksi isichemke kwa kubadilishabadilisha.

Taa ya ABS na ya kuteleza zimewaka baada ya kufunga. Ni saizi ya tairi?

Mara nyingi sio. ABS inalinganisha wili moja na nyingine, zote nne zikiwa saizi moja yenyewe haina shida. Angalia vitu hivi kwanza: kama gari ilinyanyuliwa, waya wa sensa ya ABS umevutwa au umekwanguliwa, hii inatokea mno. Halafu angalia kama tairi moja ni tofauti na nyingine, hata mbili mpya na mbili zilizoisha. Halafu kama umefanya alaimenti, sensa ya pembe ya usukani inatakiwa isetiwe sifuri upya kwa mashine, la sivyo kompyuta inaona usukani umekata wakati gari inaenda moja kwa moja, inadhani unateleza. Fundi mwenye skana nzuri anafanya hilo kwa muda mfupi.

Na kama gari yako ina kamera au rada ya mbele ya kupiga breki yenyewe, ukishainyanyua ile rada na kamera zinaangalia sehemu tofauti na zilivyopangiwa, hizo zinahitaji kusetiwa upya kwa vifaa vyake. Hapo usibahatishe.

Nina Ford Ranger, nasikia naweza kufanya mwenyewe nyumbani?

Ndio, Ford wametuachia mlango. Kuna programu inaitwa FORScan, unahitaji laptopu ya Windows, adapta nzuri ya kuchomeka kwenye tundu la OBD chini ya usukani, na leseni ya ziada ya hiyo programu maana bila leseni hiyo utasoma makosa tu, hutaweza kubadilisha mipangilio. Ile ya simu haitoshi kwa kazi hii. Kwenye Ranger nyingi za kuanzia 2015 namba ya mzingo wa tairi iko kwenye moduli (kompyuta ndogo) ya bodi, unaiona kwa milimita.

Utaratibu ambao nakusihi usiuruke hata hatua moja: chaji betri au unganisha chaja kabisa, zima redio, taa na AC, swichi iwe on injini imezimwa. Soma moduli. Hifadhi nakala ya mipangilio yote kabla hujagusa kitu, nakala hiyo iweke kwenye laptopu na sehemu nyingine. Badilisha namba moja tu, ya tairi, andika, subiri imalize, zima swichi washa tena. Adapta za bei rahisi sana ndizo zinazokata mawasiliano katikati ya kuandika na hapo ndipo moduli inapokufa, bei ya adapta nzuri ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya moduli mpya na kuisajili kwenye gari.

Usishawishike kubadilisha mambo mengine kwa kuwa umeona yapo.

Niandike namba gani, ile ya hesabu?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanakosea. Ukipiga hesabu ya kipenyo mara 3.14 kwa 285/70R17 unapata kama 2,610, lakini hiyo ni ya tairi lisilobeba kitu. Tairi likibeba gari linabonyea chini, umbali wake halisi kwa mzunguko unapungua kwa asilimia chache, na namba ya kiwandani mara nyingi imeshazingatia hilo. Kwahiyo soma namba iliyomo, izidishe kwa uwiano. Mfano umekuta 2,390, zidisha kwa 1.07, andika 2,557.

Ukitaka uhakika zaidi, gari ikiwa na mzigo wako wa kawaida na upepo sawa, piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye sakafu, sukuma gari polepole mizunguko mitatu kamili, pima kwa futi ya fundi gawa kwa tatu. Halafu rudi barabarani na GPS na nguzo.

Na Hilux je?

Hilux ni ngumu kidogo. Kwenye nyingi huwezi tu kuingia na skana ukaandika saizi ya tairi kama Ranger, na fundi atakayekwambia "nimekuwekea" bila kukutembeza na GPS usimlipe kwanza. Suluhisho linalotumika sana ni kiboksi cha kurekebisha mawimbi ya spidi, vinatengenezwa Australia na Marekani, kinakatiza waya wa spidi unaoingia kwenye dashibodi kinauzidisha kwa asilimia unayoiseti.

Muhimu ni waya gani umekatwa. Kiboksi kikae kwenye waya wa spidi unaotoka kompyuta ya ABS kwenda dashibodi au kompyuta nyingine. Kisikae kwenye waya wa sensa ya wili yenyewe. Ukiingilia ile sensa umeingilia breki, na gari ambayo ABS yake inadanganywa kwenye wili moja ni hatari kwa wewe na kwa watu walioko barabarani. Mpe fundi umeme anayesoma mchoro wa waya za gari yako, sio anayepapasa kwa taa ya testa.

D-Max nayo anza na fundi mwenye mashine ya Isuzu, akishindwa ndio uende kwenye kiboksi.

Land Cruiser yangu ya zamani spidomita inatumia kebo, haina kompyuta ya spidi.

Una bahati. Kwenye transfa pale kebo inapoingia kuna gia ndogo, unabadilisha hiyo tu. Spidomita inasoma chini, kwahiyo unataka kebo izunguke haraka zaidi, maana yake gia yenye meno machache. Kutoka meno 16 kwenda 15 kunapandisha usomaji kwa karibu asilimia 7. Peleka ile ya zamani dukani uilinganishe, meno lazima yakubaliane na gia ya ndani.

Nimebadilisha difu pamoja na tairi, nahesabu vipi?

Uliza kwanza sensa iko wapi. Kama spidi inatoka kwenye sensa za wili, difu haina habari na spidomita, wewe hesabu tairi peke yake. Kama inatoka kwenye giaboksi au transfa, difu inaingia kwenye hesabu: mfano kutoka 3.909 kwenda 4.30 ni asilimia 10 kupandisha usomaji, na tairi la asilimia 7 linashusha, unabaki na kama asilimia 3 ya kusoma juu. Watu wengine wanapata bahati vinafutana kabisa hawagusi kitu. Kwenye foo wili badilisha difu zote mbili ziwe namba moja, ukiacha moja siku ukichomeka foo wili unavunja kitu.

Hii sio kuchezea mileji?

Sio. Kilometa zilizopo hazirudishwi nyuma wala kufutwa, unachorekebisha ni gari ihesabu kweli kuanzia leo. Fundi akikwambia "na mileji nikushushie" mkatalie, hiyo ni kumwibia atakayenunua gari baada yako.

Tairi ya spea nibakize ile ndogo ya zamani?

Usibakize. Tofauti ya asilimia 7 kwenye mhimili mmoja inafanya difu izunguke ndani kwa ndani muda wote, taa za ABS zitawaka, na kwenye gari ya foo wili muda wote kama Prado unaichosha difu ya katikati. Kama huna fedha ya tairi la tano leo na umelazimika kutumia ile ndogo, nenda taratibu, usichomeke foo wili kwenye lami, fika penye fundi uitoe.

Na malori?

Kanuni ni ileile ila adhabu ni kubwa. Ukitoka 295/80R22.5 kwenda 315/80R22.5 umepanda kama asilimia 3, na spidi gavana iliyosetiwa 80 inaachia gari mpaka 82 na zaidi kidogo, wakati 80 ndio mwisho wa magari makubwa ya biashara Tanzania na Kenya. Malori yaliyotoka Ulaya yana takografu (kifaa kinachorekodi mwendo na saa za dereva), nayo ina mzingo wa tairi umeandikwa ndani yake. Hiyo inarekebishwa na fundi mwenye vifaa vya takografu na sio dereva.

Nikisharekebisha, gari inakuwa kama ilivyotoka kiwandani?

Kwa spidi na kilometa ndio. Kwa breki hapana, na hili naomba mlisome mara mbili. Tairi likiwa kubwa kwa asilimia 7, breki ileile kwa mguu uleule inashika barabara kwa nguvu pungufu kwa karibu asilimia hizohizo, na tairi zito linapozunguka linahitaji nguvu zaidi kusimama. Dashibodi itasoma 80 safi kabisa na gari itachukua umbali mrefu zaidi kusimama. Kagua pedi, disiki na oili ya breki wakati wa kufunga tairi, acha nafasi kubwa zaidi mbele yako, na mjulishe wa bima kwamba gari imebadilishwa saizi kabla hajakuuliza siku ya ajali.

Nikirudisha tairi za zamani au nikiuza gari?

Rudisha ile nakala uliyohifadhi, au toa kiboksi, siku hiyohiyo unayobadilisha tairi, la sivyo sasa gari itasoma juu na kilometa zitaongezeka kuliko ulizotembea. Ukiuza, andika kwenye karatasi uiache kwenye kitabu cha sevisi: saizi ya tairi, namba ya kiwandani, namba uliyoandika, tarehe, na kilometa zilizokuwepo siku hiyo.